Daftari la Majina ya Maboti

Kashikishi, alasiri, kesho unasafiri

Ngoie, mama,

Hii ni mara ya nne ninakaa kuandika, na mara tatu nimesimama. Mara ya kwanza nilikwenda kuangalia kama boti limefunikwa vizuri, na ninajua limefunikwa kwa sababu nililifunika mwenyewe asubuhi. Mara ya pili nilikwenda kumuuliza mama yako kama kuna chai, na chai ilikuwa mezani mbele yangu. Mara ya tatu sijui nilikuwa ninakwenda wapi. Nilijikuta nimesimama barabarani, jirani ananisalimia, na mimi ninamweleza habari za mvua ambazo hakuniuliza. Sasa nimefunga mlango. Ninawasikia nyuma ya nyumba, wewe na mama yako mnakaanga karanga za kubeba shuleni, na yeye anakugombeza kwamba unazila kabla hazijapoa. Ninataka niwe nimemaliza kabla nyinyi hamjamaliza.

Mambo ya kila siku siyaandiki hapa. Sabuni, blanketi, dawa za malaria, kutoazima kandambili za watu, yote mama yako amekwisha kukuambia, na jana nilimsikia akiyarudia tangu mwanzo. Tukikupa orodha mbili utazisahau zote. Mimi nina jambo moja tu, na ni langu, na nimekaa nalo miaka miwili.

Nikuambie moja kwa moja, maana nikianza kuzunguka nitazunguka mpaka kesho minibasi inapiga honi. Lile daftari lenu, wewe na Chileshe, la majina ya maboti, Chileshe hakulipoteza. Hakulificha, hakulichukua, hakumpa mtu. Nililichoma mimi.

Nimeandika. Usicheke mwandiko.

Unakumbuka jinsi ilivyokuwa mwaka ule, ulipoingia gredi ya sita. Ilikuwa miezi kama hii, miezi ya ziwa kufungwa ili samaki wazae. Upande wetu huu maboti yanavutwa juu, nyavu zinawekwa ndani, na watu wa fisheri, wa serikali, wanapita ufukweni kuangalia nani hawezi kuvumilia. Ng'ambo, Kilwa, kwa ndugu zetu wa Congo, watu wanavua kama kawaida. Basi mimi na Muteba, mwenzangu wa boti, tulifanya kile ambacho wachuuzi wengi tulikuwa tunakifanya na hakuna aliyekuwa anakitaja. Tulivuka kwenda Kilwa, tukarudi kumepambazuka na samaki wabichi wa makobo, tukawashusha kwenye matete, mbali kidogo na soko. Wewe ulijua tata yako anasafiri. Zaidi ya hapo hukuambiwa.

Na baba yake Chileshe alikuwa mtu wa fisheri. Bashi Chileshe, sote tulimwita hivyo, yule mrefu mwenye baiskeli. Tangu siku ya kwanza ulipomleta Chileshe nyumbani, mimi nilikuwa ninamtazama mtoto ninaona kofia ya baba yake. Alikuwa na miaka kumi na mmoja! Alinisalimia kwa kupiga magoti na kupiga makofi polepole, kama Wabemba wanavyowafundisha watoto wao, na mimi moyoni nikasema: huyu amefundishwa kuingia nyumba za watu. Angekuja bila kupiga magoti ningesema hana adabu. Alikuwa hana njia ya kupita kwangu, mtoto yule.

Halafu alikuwa na maswali. Kiswahili chake kilikuwa cha kuokota sokoni, lakini hakuwa na aibu nacho, alikikokota mpaka kifike.

"Batata, ile boti ya Usiniulize, inatokaka wapi?"

"Ku Kilwa."

"Na nani aliandika jina? Ni mwenye boti, ao ni mutu mwingine?"

"Siyui, mutoto. Uliza mwenye boti."

Wewe ulikuwa umekaa karibu, unachonga penseli, unatabasamu. Nilidhani unatabasamu kwa kutokujua. Sikujua kwamba mimi ndiye nisiyejua.

Ijumaa ile wewe na mama yako mlikuwa kwaya. Ulikuwa umeacha daftari kwenye dirisha. Baadaye nilielewa kwamba ilikuwa desturi yenu, kila Ijumaa linabadilisha mikono, wiki moja kwako, wiki moja kwake, na kama hupo yeye anapita analichukua dirishani. Mimi nilikuwa ninatafuta karatasi ya kufungia misumari. Nilifungua.

Kwanza niliona boti limechorwa kwa biki ya buluu. Lilikuwa zuri kweli, mama. Mbavu zake, kasia, hata kamba ya mbele iliyofungwa fundo. Chini yake mmeandika: Lesa Mukulu, kijani na nyeupe, limetoka Kilwa, Jumatatu, saa moja asubuhi. Nikageuza. Bon Voyage, jekundu, Jumanne, saa kumi na moja jioni. Nikageuza tena. Nimerudi. Usiniulize. Nenda Polepole. Kila moja na rangi yake, siku yake, saa yake na mahali liliposhukia. Na kwenye ukurasa wa tisa au wa kumi nikalikuta langu. Tujaribu. Limetoka Kilwa, Alhamisi, saa kumi na mbili asubuhi, kwenye matete. Na pembeni, kwa wino mwekundu, nne juu ya kumi.

Kuanzia pale sikuona michoro tena. Niliona majina, siku, saa na mahali. Ile nne juu ya kumi sikuielewa, nikadhani labda ni nyavu, labda ni makosa yetu yamehesabiwa. Nilikuwa na hofu, na nikiwa na hofu mimi ninaelewa mambo haraka sana.

Ungerudi baada ya saa moja. Hilo ndilo linalonisumbua mpaka leo, linanitoa kitandani, linanitoa kwenye kiti hiki. Saa moja tu. Ningekaa pale na daftari mkononi, ungeingia na nguo zako za kwaya, ningekuuliza, "Mama, hii kaye ni ya nini?" Ungenijibu papo hapo, na nadhani ungenicheka, na mimi ningekasirika kidogo halafu tungekula. Sikungoja. Nililiweka kwenye mbaula, juu ya makaa, na jalada lilikuwa gumu, likachelewa kushika, ikabidi nilipepee.

Bado lilikuwa linatoa moshi Chileshe alipobisha hodi. Alipiga magoti pale mlangoni.

"Batata, nakuya kwa kaye. Ngoie alisema ataweka ku dirisha."

"Kaye gani?"

"Yetu."

"Siyui kaye yenu. Uliza mwenzako."

Alitazama dirisha, halafu akanitazama mimi. Mbaula ilikuwa nyuma yangu, hatua mbili. Akasema, "Natotela mukwai." Alinishukuru. Akaondoka akikimbia, na wewe uliporudi ukakuta dirisha tupu, ukasema, "Chileshe alipita?" Nikasema, "Alipita." Hilo halikuwa uongo, unaona. Nilikuwa nimepata neno la kweli la kudanganyia.

Jumatatu mkagombana. Yeye alisema hakulikuta, wewe ulisema alilichukua, kila mmoja anajua ana haki na kila mmoja alikuwa na haki.

Jumanne watu wa fisheri wakaja kwa Muteba. Wakachukua samaki, wakachukua na wavu wake mpya. Mimi nikasema basi, ndiyo kazi ya lile daftari. Sikubaki na shaka hata tone moja. Sasa nikuambie kitu ambacho sikumwambia mtu yeyote mpaka jana. Muteba, kwa uvivu wake, alikuwa ameanika wale makobo juu ya mabati ya nyumba yake, kando ya barabara kubwa. Jumatatu nilipita pale kwenda sokoni, nikaona mwewe na kunguru wa Nchelenge nzima wanazunguka juu ya paa lake, wanapiga kelele, mpaka watoto wamesimama kuwatazama. Mtu yeyote mwenye baiskeli angeona. Nilicheka peke yangu, nikasema Muteba leo ana wageni wengi. Na kesho yake, walipokuja kwake, niliwasahau wale ndege. Hapana. Sikuwasahau. Niliamua wasiwe na maana, kwa sababu nilikwisha kuwa na jibu langu na nilikuwa nimelichomea daftari.

Siku ile ile ufukweni, mbele ya watu, nilifungua mdomo.

"Ni ule mutoto wa fisheri," nilisema. "Anakuyaka kwangu kila siku. Anaandikaka maboti yote mu kaye, siku na saa."

"Ule ka-Chileshe?" Muteba akauliza.

"Njo ule. Mie niliona na macho yangu."

Mwanamke mmoja muuza dagaa wa chisense akapiga mikono. "Batoto ba leo! Heri bacheze tu kwa nyumba ya tata yabo."

Ilitosha. Unajua jinsi habari inavyotembea hapa, kabla jua halijazama ilikuwa imefika kila nyumba ya wachuuzi, na kila mama akamwambia mtoto wake kivyake. Baada ya siku chache nilipita karibu na shule yenu, nimebeba mbao begani. Mlikuwa mmekaa kwenye mchanga, kundi la wasichana, mnacheza chiyenga, mnarusha kijiwe na kuvuta vingine kutoka kwenye shimo. Chileshe alikuja na kijiwe chake mkononi. Wale wengine wakakusanya vijiwe vyao, bila neno, wakaondoka kwenda kukaa mbali. Nilisimama na ile mbao. Wewe ulikuwa pale. Hukukimbia kama wao, ulichelewa kidogo, lakini uliondoka. Yeye akabaki anaangalia lile shimo.

Sikulaumu, mama. Niangalie vizuri ninavyoandika: sikulaumu. Ulikuwa unafikiri alikuibia na akakudanganya, na aliyekufanya ufikiri hivyo alikuwa amesimama ng'ambo ya barabara na mbao begani. Ningeweza kuvuka. Ilikuwa hatua ishirini. Mbao ilikuwa nzito, nikajiambia nitaliweka jambo hili sawa nikifika nyumbani.

Jioni ile uliniuliza. "Tata, weye hukuona kaye yetu?"

Nikasema sikuiona. Halafu nikaongeza, wala hukuniomba niongeze, kwamba kuna watu unawaita rafiki nao wanakuja nyumbani kwako na sababu zao. Nilikuambia kwa sauti ya chini, nimekuwekea mkono kichwani. Uongo wangu wote wa maisha, huo ndio ninaouonea haya zaidi, kwa sababu niliusema kama baba mwema.

Tangu pale sikukuona tena ukichora. Biki zako za rangi ulimpa binamu yako. Uliacha kwenda ufukweni asubuhi, ukawa unarudi shuleni unakaa ndani na kitabu. Watu walinisifia. "Tata Ngoie, mutoto yako anatulia sasa." Na mimi nilikubali sifa hizo, nikajiambia binti anakua, ndivyo wanavyokuwa wakikua. Nilikuwa ninaishi na wewe nyumba moja, ninakudhania tu, kama nilivyomdhania yule mwingine.

Nimesimama tena. Nimekunywa ile chai, imepoa. Ninarudi.

Unajua mimi nilifika upande huu kijana, kutoka Kilwa, sina mtu. Kulikuwa na mama mmoja mwenye duka karibu na kituo cha minibasi. Kila nilipoingia, hata kununua chumvi, alikuwa anahesabu miche yake ya sabuni kwenye rafu, midomo inacheza, moja, mbili, tatu, mpaka mwisho. Nikitoka alikuwa anahesabu tena. Mkongo ameingia, kwa hiyo sabuni ihesabiwe. Hakunitukana hata siku moja. Nilikuwa ninatoka pale nimefunga meno, nikitembea barabara nzima ninagombana naye kichwani. Nilijiapia kwamba mimi, maisha yangu yote, sitamfanyia mtu hivyo. Na kweli sikumfanyia mtu mkubwa. Nilichagua mtoto.

Sasa Desemba hii iliyopita. Tulikwisha kuvuta maboti juu, na mimi nikaona nipake Tujaribu rangi upya. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye mchanga na brashi, ninafuata herufi, nikasikia mtu amesimama nyuma yangu. Chileshe, na ndoo ya maji. Amekuwa mrefu kama baba yake. Akaweka ndoo chini, akanisalimia vile vile kama zamani.

"Batata, sasa iko muzuri," akasema. "Zamani ile T ilikuwa inalala. Leo ninaweza kuipana saba."

"Saba ya nini?"

"Saba juu ya kumi. Mie na Ngoie tulikuwa tunapana maboti points, kama mwalimu. Yenu tulipana ine." Akacheka, akaweka mkono mdomoni. "Ngoie alitaka tano, sababu ni boti ya tata yake. Mie nilikatala. Rangi ilikuwa inashuka."

Brashi ilikuwa mkononi, rangi inadondoka kwenye goti langu. Nikamuuliza, "Na masaa? Mulikuwa munaandika masaa ya nini?"

"Juu ya kujua nani aliiona wa kwanza. Tulikuwa tunabishana sana. Ule aliiona wa kwanza, njo anachora." Akafikiri kidogo. "Tulifika maboti makumi ine na tatu. Tulitaka kufika mia moja."

"Baba yako aliona ile kaye?"

"Ba tata?" Alishangaa kabisa. "Bakitoka kazi habataki kusikia boti. Banalala."

Mama, nilikuwa nimepiga magoti, yeye amesimama, na nilitamani mchanga ufunguke. Mtoto alikuwa anakusanya majina kwa sababu ni majina. Kwa sababu yanapendeza. Kwa sababu kuna mtu Kilwa ameliita boti lake Usiniulize, na nyinyi wawili mlikuwa mnajua kwamba hilo linachekesha, na ziwa zima halikuwa linajua.

Alichukua ndoo, akatembea, akarudi.

"Batata, Ngoie angali na kasirani?"

Nikachovya brashi kwenye rangi.

"Umwambie mie sikuiba. Nilikuta dirisha haina kitu. Mie nilifikiri labda yeye njo hakutaka tena."

Nikamwambia, "Nitamwambia."

Nilimwambia nitakuambia. Desemba yote ikapita. Krismasi mlikaa safu mbili tofauti kanisani, nami katikati ninaimba. Matokeo yakatoka, majina yakabandikwa, na nyinyi wawili mkachaguliwa shule moja huko Mansa. Kashikishi nzima ikafurahi. Watu wakanishika mkono: "Bataenda babili, bataangaliana." Nikasema ndiyo, Mungu ni mwema. Siku ile ile mezani ulisukuma sahani yako ukasema, "Heri niende na mutu nisiyemujua." Mama yako akakutazama. Mimi nikatazama sahani. Na hata pale sikusema!

Basi jana nilimweleza mama yako, yote, pamoja na ndege wa Muteba. Nilitumaini, nikuambie ukweli, kwamba atakuambia yeye, polepole, kama anavyojua kusema. Alikuwa anakunja mashuka yako. Aliendelea kukunja mpaka nikadhani hakusikia.

"Weye njo ulichoma," akasema. "Weye njo utasema. Mie sibebi."

Hajaongea na mimi tangu hapo, ila kuhusu mizigo.

Kwa hiyo kesho minibasi itakuja, na nyinyi wawili mtapanda, na yeye atatafuta pa kukaa mbali na wewe akidhani ndivyo unavyotaka, na wewe utageukia dirisha. Mtafika mahali ambapo hakuna mtu mwingine anayejua ziwa lenu. Miaka mitano. Hilo sikuliweza. Niliweza yote mengine, kumbe, lakini hilo nimeshindwa.

Utakakokwenda watasikia Kibemba chako, kina harufu ya Kilwa, na wako watakaojua tayari wewe ni nani kabla hujamaliza sentensi. Nawe utakuwa na watu utakaowajua hivyo hivyo. Siwezi kukuambia usifanye, mimi si wa kukuambia hivyo. Ninaweza tu kukuambia jinsi ilivyokuwa ndani, kwa sababu hilo sikuwahi kusikia mtu akilisema. Haikuuma. Nilidhani kumdhulumu mtu kutauma mahali, nitajua tu. Ilikuwa raha, mama. Siku ile ufukweni watu walinisikiliza, nilijiona mwerevu, nilijiona baba anayelinda nyumba yake. Ukijisikia hivyo juu ya mtu ambaye hujamuuliza chochote, mkumbuke tata yako na mbaula yake.

Sikuombi urudiane na Chileshe. Nimekwisha kuamua mambo ya urafiki wenu mara moja na ikatosha. Pengine miaka miwili ni mingi, pengine hamna tena cha kuambiana, hilo ni lenu. Ninataka tu uamue ukiwa unajua. Na kunihusu mimi pia uamue ukiwa unajua. Ninaogopa, sitaki kujifanya siogopi. Ninaogopa utanitazama kama nilivyokuwa ninamtazama yeye. Nimekupa jina la mama yangu, tangu umezaliwa ninakuita mama, na leo ndiyo mara ya kwanza ninaogopa kama mtoto aliyevunja kitu.

Nilikuwa nimepanga kuiweka barua hii ndani ya sanduku lako, katikati ya mashuka, uikute Mansa. Nilipanga hivyo vizuri sana. Ungeisoma mbali, mimi nisione uso wako, na jibu lingechukua wiki mbili kufika, kama lingekuja. Na nyinyi mngekuwa mmekwisha kusafiri njia nzima mmenuniana. Nimekaa hapa ninaandika kuhusu mtu mwoga, kumbe bado ninapanga kama yeye.

Sasa hivi ninafungua mlango na kukuita. Utaisoma hapa, mbele yangu, jua bado lipo. Ukitaka kunipigia kelele, piga, majirani wasikie, wao ndio waliosikia lile lingine. Ukitaka kunyamaza, nyamaza.

Ukimaliza ninakwenda kwa Bashi Chileshe, kumwambia yeye na mtoto wake kwa mdomo wangu, na nikitoka pale ninapita ufukweni kwa Muteba na wale wote. Nimekwisha kuvaa viatu. Ukitaka kuja na mimi, vaa vyako. Usipotaka, nitakwenda peke yangu.

Tata yako